Kabla Fundi Hajaflashi Simu, Dai Nakala ya IMEI

Simu ya dada yangu ilikuwa imekwama kwenye nembo wiki nzima. Fundi akaiflashi, yaani akaiwekea mfumo upya, ikarudi inawaka vizuri, inapiga picha, inacheza muziki. Ila laini haishiki. Tukabonyeza *#06#, na badala ya IMEI, namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu, likatokea neno moja: null. Tulipowasha Wi-Fi, katikati ya mitandao ya majirani lilikuwepo jina la ajabu: NVRAM WARNING: Err = 0x10.

Hiyo ni simu yenyewe inayolia. Kwenye simu za chipu ya MediaTek, zilizojaa kwenye maduka ya simu za bei nafuu, IMEI hukaa kwenye sehemu ndogo ya kumbukumbu iitwayo NVRAM. Faili analopakua fundi mtandaoni halina data hizo, maana kila simu ina zake. Programu ya SP Flash Tool humpa fundi njia kadhaa, na mbili kati yake ni hizi: Download Only huandika mfumo mpya na kuiacha NVRAM salama, Format All + Download hufuta kila kitu kwanza. Mwenye foleni ya wateja hubonyeza ya pili bila kuchukua nakala ya NVRAM, kazi ya dakika chache tu. Kwa Samsung sehemu hiyo huitwa EFS, na ikiharibika maumivu ni yale yale.

Tatizo likishatokea, usikubali simu iflashiwe tena kwa kubahatisha. Fungua mipangilio, tazama mstari wa Baseband. Ukisema unknown, huenda programu ya modemu haikukaa au ni ya toleo jingine, na faili sahihi linaweza kuirudisha IMEI lenyewe. Baseband ikionekana huku IMEI haipo, basi huenda data za NVRAM ndizo zilizofutwa.

Kinachoniuma zaidi ni fundi anayeingiza namba ya simu nyingine ili mradi laini ishike. Tarakimu 8 za kwanza hutambulisha aina ya simu, na ya 15 hupatikana kwa kukokotoa zile 14. Namba ya kuazima hupita hesabu hiyo bila shida, lakini mwenye nayo akiripoti kuibiwa, na yako inafungiwa. Sheria ya mawasiliano ya Tanzania ya mwaka 2010 inakataza kuchezea IMEI, na Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchi nzima. Tuliojifunza wakati ule kutuma IMEI kwenda 15090 ili kuhakiki simu tunajua uzito wa namba hiyo.

Boksi la dada lilikuwa uvunguni, stika yenye IMEI ingali safi. Tukaipeleka simu pamoja na boksi na risiti kwenye kituo cha huduma cha kampuni. Siku ya kuichukua hatukuondoka mapokezini mpaka tumebonyeza *#06#. Dada alisoma tarakimu za boksini, nami nikazifuata kwenye kioo kwa kidole mpaka ya 15, kisha tukaanza za IMEI ya laini ya pili.