Vitenzi vya Maneno Mawili na Njeo za Kiingereza (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulitazama maana: jinsi kitenzi chepesi cha Kiingereza kama “give” au “put” kinavyoongezewa kijineno kama “up”, “off” au “on”, kikazaa maana ambayo haikuwamo katika neno lolote kati ya hayo mawili. Leo tunaingia katika jambo ambalo vitabu vingi vya mazoezi hulipitia juu juu, nalo ni hali ya vitenzi hivyo vinapopita katika njeo mbalimbali. Kwa kawaida mwanafunzi hupewa orodha. Upande mmoja “give up”, upande wa pili “kukata tamaa”; “put on”, “kuvaa”; “take off”, “kuvua” au “kupaa”. Orodha hukaririwa, jaribio hufanywa, alama hutolewa. Hoja yangu ni kwamba orodha ya namna hiyo, hata ikiwa sahihi kila mstari, humfundisha mwanafunzi nusu ya kitenzi tu. Makosa mazito ya wasemaji wa Kiswahili katika eneo hili huwapata hata wanaojua maana vizuri, kwa sababu hawakufundishwa kitenzi hicho hufanya nini kinapokutana na wakati.

Kanuni ya umbo ni fupi. Njeo hubebwa na kitenzi, kijineno hakiguswi. Husemwa “she gives up”, “she gave up”, “she has given up”, “she is giving up”, na “up” imebaki vilevile mara zote nne. Kanuni hii ina umri mkubwa. Kiingereza cha Kale kilipenda kuvitanguliza vijineno vya aina hii mbele ya kitenzi kama viambishi, na kadiri karne zilivyopita vikahamia nyuma. Katika karne ya 12 watawa wa Peterborough, Uingereza, waliendeleza tarihi ya nchi yao hadi mwaka 1154, na katika habari za mwaka 1137 wanasimulia jinsi Mfalme Stephen alivyowatia maaskofu gerezani mpaka wakasalimisha ngome zao. Kitenzi walichokitumia kwa kusalimisha ni hiki hiki “give” katika wakati uliopita, kwa tahajia ya zama hizo, na nyuma yake imesimama “up” isiyobadilika. Msemaji wa Kiswahili ana sababu ya kuuelewa mpangilio huu upesi. Tukinyambua “pika” tukapata “pikia”, kile kiambishi kinachoongeza maana hukaa nyuma ya mzizi bila kujali njeo: alimpikia, amempikia, atampikia. Wazo la kwamba sehemu moja ya kitenzi hubeba wakati na nyingine huongeza maana tumelizoea tangu utotoni. Kilicho kigeni ni kwamba Kiingereza huubadili mzizi wenyewe, “give” ikawa “gave”, na ile sehemu ya kuongeza maana huandikwa kama neno linalojitegemea.

Mabadiliko hayo ya mzizi si jambo la pembeni. Mwaka 2007 watafiti Dee Gardner na Mark Davies walichapisha uchambuzi wa British National Corpus, mkusanyo wa maneno yapatayo milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, wakaonyesha kwamba vitenzi 20 tu, vikiungana na vijineno 8, vinachukua zaidi ya nusu ya matumizi yote ya vitenzi vya maneno mawili katika mkusanyo huo. Walimu wengi wameipokea habari hiyo kama faraja, na ni faraja kweli, maana mzigo unapungua. Lakini vitazame vitenzi hivyo kwa jicho la njeo. “Go”, “come”, “take”, “get”, “set”, “bring”, “put”, “make”, “sit”, “find”, “give”, “break” na “hold” havifuati kanuni ya kuongeza “-ed”. Hivyo ni 13 kati ya 20. Vinavyoifuata ni saba tu: “carry”, “turn”, “look”, “pick”, “point”, “work” na “move”. Kwa hiyo mahali hasa ambapo vitenzi vya maneno mawili vimejaa ndipo palipojaa pia vitenzi vyenye maumbo ya kukariri. Mwanafunzi aliyejifunza “bring up” kama “kulea” bila “brought up” atakwama mara tu atakapotaka kusema alilelewa na nani. Tena “put” na “set” hazibadiliki kabisa: “they put off the meeting” huweza kuwa mazoea yao, na huweza kuwa jambo la jana. Msomaji makini hutafuta ushahidi kwingine, katika “yesterday”, au katika “-s” ambayo ingetokea kama mtenda angekuwa mmoja na wakati ungekuwa uliopo.

Hata vile saba vinavyofuata kanuni vina mtego wake, nao uko masikioni. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, na sikio letu limezoea kuyakata maneno hivyo. Vijineno “up”, “out”, “on”, “off”, “in” na “over” huanza kwa irabu. Mwingereza anaposema “picked up” kwa kasi ya kawaida, sauti ya “t” inayoonyesha wakati uliopita haikai na kitenzi. Huhamia kwenye kijineno, na msikilizaji husikia kitu kama “pik-tap”. “Turned out” husikika kama “tan-daut”. Alama ya njeo imejificha mwanzoni mwa neno lile lile ambalo mwanafunzi ameambiwa kwamba halibadiliki. Si ajabu basi kwamba anayejifunza kwa kusikiliza huandika “pick up” pale msemaji alipokusudia jambo lililokwisha. Zoezi la kusoma kwa sauti “pick up” na “picked up” zikifuatana, mara nyingi na kwa kasi, lina faida kuliko ukurasa mzima wa kujaza nafasi zilizo wazi.

Sasa tufike kwenye kiini. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki ni kawaida kusikia “she is putting on a red dress” kwa maana ya kwamba gauni jekundu liko mwilini mwake tayari. Kwa Mwingereza, sentensi hiyo humpa picha ya mtu aliye katikati ya kuingiza mikono. Kosa limetoka wapi? Orodha ilisema “put on” ni kuvaa, na ilisema kweli. Somo la njeo lilisema kwamba hali iliyopo sasa huonyeshwa kwa “is” na “-ing”, na kwa jumla hilo nalo ni kweli. Mwanafunzi ameunganisha kweli mbili akapata sentensi isiyosema alichokusudia. Chanzo ni kwamba Kiswahili, kama lugha nyingi za Kibantu za ukanda huu, hutumia kitenzi kimoja kwa tendo na kwa hali inayotokana na tendo hilo, kisha kikaviachia viambishi kazi ya kutofautisha. “Anavaa” ni tendo linaloendelea. “Amevaa” ni hali iliyopo baada ya tendo kwisha. Hivyo hivyo anakaa na amekaa, anaamka na ameamka, anashika na ameshika. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa namna nyingine. “Put on” ni tendo la muda mfupi lenye mwisho. Hali inayofuata hupewa kitenzi kingine, “is wearing”, au husemwa kwamba mtu “has a dress on”. “Sit down” ni kushuka kwenye kiti. Aliyekwisha kukaa “is sitting”. “Wake up” ni kutoka usingizini. Aliyekwisha kuamka “is awake”, au kwa ufupi “is up”. Mwanafunzi anayejua kwamba -me- yetu mara nyingi huangukia kwenye hali, na kwamba hali hiyo katika Kiingereza huweza kudai neno jingine kabisa, ameepuka kundi zima la makosa kwa mkupuo.

Hapa msomaji anaweza kupinga kwamba “putting on” kwa maana ya kuwa umevaa si kosa, ni tabia ya Kiingereza chetu, na kwamba kila nchi iliyokipokea Kiingereza imekitia rangi yake. Pingamizi hili lina uzito na sitaki kulidharau. Watu wa Kampala na Nairobi wanaelewana kwa sentensi hiyo bila shida yoyote, na kuelewana ndiyo kazi ya kwanza ya lugha. Hata hivyo anayeijua tofauti anaweza kuchagua, na asiyeijua hana la kuchagua. Shahidi anayeandika maelezo kwa Kiingereza kwamba mtu “was putting on a jacket” amesema jambo moja kwa msomaji wa Kampala na jingine kwa msomaji wa London, na huenda kesi ikategemea kama mtu huyo alikuwa amekwisha kuvaa koti au la.

Jambo hili la mwisho wa tendo halihusu mavazi peke yake. Wanaisimu, akiwamo Laurel Brinton katika kitabu chake cha mwaka 1988, wameonyesha kwamba vijineno vingi, hasa “up”, “out”, “off” na “down”, hulipa tendo ukomo. “Burn” ni kuungua. “Burn down” ni kuungua mpaka nyumba ikaanguka chini. Kitenzi chenye ukomo hubadilika maana kulingana na njeo kwa namna ambayo kitenzi kisicho na ukomo hakifanyi. Chukua “run out”, yaani kuishiwa. “We are running out of flour” ni onyo: unga bado upo, ila unakwenda kwisha, na aliye karibu na duka afanye hima. “We have run out of flour” ni taarifa ya kwamba hakuna kitu. “We ran out of flour on Tuesday” ni habari ya siku iliyopita, na leo huenda unga umejaa tele. Atakayesema sentensi ya kwanza akikusudia ya pili atapelekewa unga kesho badala ya leo. Vivyo hivyo ndege ambayo “is taking off” bado iko katika kuruka, na ile ambayo “has taken off” imekwisha kukuacha.

Kuna tofauti nyingine ambayo hujitokeza katika insha. Tunaposimulia kwa Kiswahili, huweka -li- mara moja kisha tukaendelea kwa -ka-: aliamka, akavaa, akatoka. Kiambishi -ka- hakirudii kusema kwamba mambo yamepita. Kinategemea -li- ya mwanzo. Kiingereza hakina msaada huo. Kila kitenzi lazima kijibebee wakati wake, “he woke up, put on his clothes and went out”, na mwanafunzi aliyezoea -ka- huweza kuandika “he woke up, put on his clothes and go out” bila kuona kasoro, hasa kwa kuwa “put” ya katikati, isiyobadilika, imemfichia mahali njeo ilipokatikia.

Wapo watakaosema tuyaache haya yote. Kiingereza kina “postpone” badala ya “put off” na “surrender” badala ya “give up”, vitenzi vya neno moja vinavyofuata kanuni ya “-ed” na vinavyofaa zaidi katika maandishi rasmi. Wanaofikiri hivyo hawako peke yao. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kueleza kwamba maneno ya aina hii huwapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Mwaka 1985 Menachem Dagut na Batia Laufer walionyesha kwamba wanafunzi wenye lugha ya Kiebrania, lugha isiyo na vitenzi vya aina hii, huviepuka na kukimbilia vile vya neno moja. Njia hiyo inamtosha anayeandika barua tu. Kusoma na kusikiliza hakumpi mtu nafasi ya kuepuka, kwa kuwa maneno ameyachagua mwingine. Isitoshe, si kweli kwamba vitenzi hivi havina nafasi katika maandishi ya kitaalamu. “Carry out” na “point out” vimo tele katika maandishi hayo, na mwanafunzi wa sekondari Tanzania, anayesoma sayansi kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza, hukutana na “the experiment was carried out” mapema sana. Hapo pana wakati uliopita, pana kauli ya kutendwa, na pana “y” iliyogeuka “i” katika tahajia. Kauli ya kutendwa ina hatari yake pia: kijineno husahaulika. “Alitunzwa na bibi yake” ni “he was looked after by his grandmother”. Ukiangusha “after”, sentensi si Kiingereza sahihi tena, na maana ya kutunza imepotea.

Wengine watajibu kwamba basi tatizo ni sarufi, na kwamba anayejua njeo za “give” anazo tayari njeo za “give up”. Kwa umbo, ndiyo. Lakini mfano wa “put on” umeonyesha kwamba umbo sahihi huweza kubeba maana isiyokusudiwa, na kinachoamua ni kitenzi hicho mahususi pamoja na kijineno chake. Ndiyo maana nashauri daftari la msamiati libadilishwe. Mahali pa mstari mmoja wenye tafsiri, kila kitenzi kiandikiwe sentensi nne au tano zenye habari moja: mazoea, jambo la jana, jambo linaloendelea, jambo lililokwisha na matokeo yake yapo, na pale inapowezekana kauli ya kutendwa. Kando ya kila sentensi iandikwe ya Kiswahili, ili -na-, -li-, -me- na hu- zionekane zilipokubaliana na Kiingereza na zilipoachana nacho. Mwanafunzi ataanza na vile vitenzi 20 vya Gardner na Davies. Atakutana na mambo madogo yatakayomshangaza, kama Mmarekani kusema “has gotten up” pale Mwingereza anaposema “has got up”, na achague moja aishike. Darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache linaweza kufanya kitenzi kimoja kwa siku ubaoni, na kwa muhula mmoja orodha nzima imekwisha. Sehemu ya tatu itashughulikia mahali pa kuiweka yambwa, yaani kwa nini husemwa “put it off” na haisemwi “put off it”, kwa kuwa hapo napo njeo zitaturudia.