Mbwa akitoka kwenye upasuaji wa goti, kazi iliyobaki ni yako

Na DAKTARI WETU

Majuzi mama mmoja alikuja kliniki kupimwa shinikizo la damu. Nilipomaliza kumwandikia dawa, aliniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anaona haya: "Daktari, mbwa wetu amepasuliwa goti na usiku kucha analia. Naweza kumpa zile tembe za maumivu ulizompa mzee wangu alipoumwa na mgongo?"

Nilimjibu hapana, tena kwa haraka. Tembe hizo zilikuwa za ibuprofen. Humsaidia mwanadamu, lakini mbwa akizimeza zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo.

Msomaji mpendwa, mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo. Lakini hata mimi nina mbwa ambaye goti lake lilipasuliwa. Mengi ya nitakayokueleza leo nilifunzwa na daktari wa mifugo aliyemtibu. Mengine nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe, na kosa hilo ndilo sababu kuu ya makala haya.

Jinsi goti linavyoharibika

Ndani ya goti la mbwa, kama lilivyo goti lako, mna kano mbili zilizopishana mithili ya msalaba. Ile ya mbele huuzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele mbwa anapokanyaga.

Mchezaji kandanda huikata kano hii kwa ghafla, anapogeuka huku mguu umesimama imara. Mbwa ni tofauti. Aghalabu kano yake huchakaa polepole kwa miezi mingi, kama kamba ya kisima, halafu siku moja hukatika kwa kuruka kidogo tu. Sehemu ya juu ya muundi wake ina mteremko, kwa hivyo kano hiyo huvutwa kila anapopiga hatua. Mbwa wakubwa kama Rottweiler na Labrador, na wale walionenepa kupita kiasi, ndio huathirika zaidi.

Upasuaji wenyewe ni wa aina kadha. Ya kwanza ni kufunga uzi mgumu wa nailoni kando ya goti ili ufanye kazi ya kano iliyokatika. Ya pili, ambayo hutumiwa sana kwa mbwa wakubwa, ilielezwa mwaka wa 1993 na daktari wa mifugo wa Marekani, Barclay Slocum. Hapa daktari huukata mfupa wa muundi kwa msumeno wa mviringo, huuzungusha ili ule mteremko upungue, kisha huufunga kwa bamba la chuma na skrubu.

Tafakari maneno hayo. Mbwa wako amekatwa mfupa kwa makusudi ili apone. Mfupa uliokatwa huunga kwa muda wake, kwa kawaida wiki 8 hadi 12, na hakuna dawa wala mapenzi ya mwenye mbwa yanayoweza kuuharakisha.

Kosa langu

Mbwa wangu Simba alipasuliwa kwa njia hiyo ya pili. Kufikia wiki ya tano alikuwa akitembea vizuri hata mgeni asingejua kwamba ana chuma mguuni. Alinitazama kwa macho ya mfungwa, nami nikamhurumia. Jumamosi moja asubuhi nikamfungua kamba ili anyooshe miguu uani. Paka wa jirani akapita juu ya ua.

Kesho yake Simba hakuweza kuukanyagia mguu ule. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba skrubu moja ilikuwa imelegea. Tulirudi kwenye chumba cha upasuaji, tukalipa mara ya pili, na mbwa akaanza upya kuhesabu wiki.

Ninachotaka ukumbuke ni hiki: maumivu huisha kabla mfupa haujaunga. Mbwa hajui hivyo. Akiacha kuumwa, yeye hudhani amepona. Wewe ndiwe unayejua kalenda, na wakati wa hatari zaidi ni ule ambapo mbwa anaonekana mzima.

Siku za kwanza

Mbwa akifika nyumbani atakuwa na usingizi kwa sababu ya dawa za kumlaza. Huenda asile vizuri siku ya kwanza, na huenda akakaa siku mbili au tatu bila kwenda haja kubwa. Hayo ni ya kawaida.

Mtengee mahali padogo, pakavu na tulivu. Kizimba au pembe ya chumba iliyozibwa itafaa. Kama sakafu yako ni ya vigae au simiti laini, tandika mikeka au zulia kuukuu, kwa sababu kuteleza mara moja kunaweza kuharibu kazi yote.

Kwa siku tatu za mwanzo, kanda goti kwa barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Usiiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi.

Usimvue ile kola ya plastiki yenye umbo la faneli, hata akikusikitisha. Ulimi wa mbwa hauponyi kidonda. Unakitia viini na kufungua nyuzi. Kola hukaa hadi nyuzi zitolewe, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14. Wakati huo wote usimwoshe.

Na tahadhari moja ya daktari wa watu: mbwa mwenye maumivu anaweza kumwuma hata anayempenda. Waweke watoto mbali naye. Akimwuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa.

Wiki kwa wiki

Wiki ya kwanza na ya pili: Mbwa atoke nje kwenda haja tu, kwa dakika tano hivi, akiwa kwenye kamba fupi. Pitisha taulo chini ya tumbo lake, mbele ya miguu ya nyuma, uishike ncha zote mbili ili umsaidie kubeba uzito. Kama unaishi ghorofani, mbebe ngazini. Mbwa mkubwa abebwe na watu wawili.

Wiki ya tatu hadi ya nane: Anza kumtembeza kwa kamba, dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, na uongeze dakika tano kila wiki iwapo hachechemei zaidi. Tembea polepole sana. Ukienda kasi, mbwa atauinua mguu mbovu na kuruka kwa mitatu. Ukienda polepole, atalazimika kuutumia, na misuli ya paja iliyonyauka itarudi. Akichechemea zaidi jioni au kesho yake, punguza.

Kuna mazoezi ya kukunja na kunyoosha goti mbwa akiwa amelala. Usiyabuni mwenyewe. Mwombe daktari wake akuonyeshe kwa mikono yake, nawe uyafanye mbele yake kwanza.

Baada ya wiki ya nane: Arudishwe kupigwa picha ya eksirei. Gharama hii wengi huikwepa kwa kuwa mbwa anaonekana mzima, na ndipo hujuta. Picha ikionyesha mfupa umeunga, matembezi huongezwa kidogo kidogo. Kukimbia bila kamba na kucheza na mbwa wengine kungoje idhini ya daktari, ambayo mara nyingi huja kati ya mwezi wa tatu na wa nne.

Mbwa wa ulinzi

Katika miji yetu, mbwa wengi hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku walinde boma. Kama mbwa wako ni wa kazi hiyo, ajue yuko likizo, na bawabu ajue vilevile. Mweleze bawabu, mfanyakazi wa nyumbani na watoto, mmoja mmoja, kwamba mbwa hafunguliwi. Bandika karatasi mlangoni ikibidi. Tena usimfunge kwa mnyororo mrefu, kwa maana akiona mtu atachomoka kwa kasi na mnyororo utamkatiza ghafla, naye ataumia goti.

Dawa za maumivu

Mpe dawa alizoandikiwa na daktari wake tu, kwa kipimo na saa alizoelezwa. Dawa kama carprofen na meloxicam hupimwa kulingana na uzito wa mbwa, na ni heri zitolewe pamoja na chakula. Akitapika, akiharisha, akikataa chakula au akitoa kinyesi cheusi kama lami, simamisha dawa na umpigie daktari simu mara moja.

Usimpe ibuprofen, diclofenac wala aspirini kutoka kabati lako. Hata Panadol, ambayo tunaiona kama peremende, ikizidi humharibu mbwa ini na damu. Kuchanganya tembe hizi na dawa za mbwa ni hatari maradufu. Kama dawa alizopewa hazitulizi maumivu, dawa nyingine zipo, lakini anayezijua ni daktari wake.

Chakula

Mbwa anayelala kutwa hahitaji ugali wa mbwa anayekimbia. Mwulize daktari umpunguzie kiasi gani. Ukipapasa mbavu zake unapaswa kuzihisi kwa urahisi chini ya vidole. Kama unahisi mafuta tu, goti hilo linabeba mzigo usio wake.

Hili si jambo dogo. Uchunguzi wa Labrador 48 uliochapishwa Marekani mwaka wa 2002 ulionyesha kwamba wale waliopewa chakula pungufu kwa robo, tangu wakiwa wadogo, waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao, na maradhi ya viungo yaliwachelewa. Isitoshe, karibu nusu ya mbwa wanaokatika kano ya goti moja huja kukatika ile ya goti la pili. Unene ni sababu mojawapo unayoweza kuizuia mwenyewe.

Mrudishe kwa daktari bila kungoja

Usingoje siku ya miadi ukiona mojawapo ya haya:

• Kidonda kinatoa usaha au harufu, kimefunguka, au kimevimba na kuwa na moto.

• Mbwa aliyekuwa amekwisha kuanza kukanyaga ameacha ghafla.

• Amekataa kula kwa zaidi ya siku moja au amezubaa sana.

• Joto la mwili limepita nyuzi 39.5. Kumbuka joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39.2, kwa hivyo usimpime kwa kiwango chako.

• Anasikika akitoa mlio wa "klik" gotini huku akichechemea. Huenda gegedu la ndani limepasuka.

Yule mama alimpigia daktari wa mifugo simu akiwa bado kwenye benchi la kliniki yangu. Ilibainika kwamba dawa za mbwa zilikuwa zimekwisha siku mbili nyuma, na hakuna aliyekwenda kuzichukua nyingine kwa kuwa kila mtu nyumbani alidhani mwenzake amekwenda. Alizipitia jioni hiyo, na usiku ule mbwa akalala.

Kwa hivyo, kabla mbwa wako hajatoka hospitalini, chagueni mtu mmoja wa kushika dawa, kamba na kalenda. Simba wangu sasa anakimbia tena, na paka wa jirani anajua. Lakini ilinichukua miezi sita, ambapo mitatu ingetosha.