Sanduku la Kufuli Tatu: Dagaa na Dhamana ya Wanawake wa Mara

Biashara ya dagaa katika ufuo wa Ziwa Victoria huko Musoma, mkoani Mara, hufuata mwezi wa mbinguni kabla haijafuata bei ya sokoni, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi aghalabu taa za betri na za nguvu ya jua, na mbalamwezi inapoenea ziwani taa hizo hupoteza mvuto wake, mitumbwi ikapandishwa ufuoni na watu wakangoja giza lirudi. Mwenye mtumbwi hungoja akishona nyavu zake. Lakini mwanamke anunuaye dagaa kwa ndoo, akawaanika, akawageuza, akawafunga katika magunia na kuwafikisha barabarani, hungoja ilhali kodi ya chumba, daftari za watoto na deni la giza lililopita havimngoji. Kwa hiyo atakaye kuijua afya ya biashara hii asianze kwa mvuvi wala kwa tajiri wa Mwanza. Na aanze kwa sanduku dogo la bati lenye kufuli tatu, ambalo wanawake wa Makoko, Mwigobero na vijiji vya Majita hulifungua mara moja kila juma.

Sangara ndiye aliyejengewa viwanda na kupandishwa ndege kwenda Ulaya, na habari zake zikajaa kurasa za uchumi. Dagaa, ambaye kwa uzito huvuliwa ziwani kupita samaki wote, hakupata heshima hiyo, labda kwa sababu ni chakula cha mnyonge na mikono inayomshughulikia nchi kavu ni ya wanawake. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumiwa katika uvuvi, viwanda vya sangara vilitaabika. Dagaa yeye wateja wake wako jikoni mwetu, na katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ambako wanunuzi huja kutoka Rwanda, Burundi na Kongo. Hatari zake ni za namna nyingine. Dagaa waliotandazwa alfajiri huhitaji jua kali. Wanawake hupita wameinama wakiwageuza, wakiwafukuza kunguru na yangeyange, na jicho moja liko kwenye mawingu juu ya ziwa. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, wanaoza pale pale walipo, na gunia lililokuwa liuzwe kwa bei ya chakula cha watu huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Chanja za nyavu zilizoinuliwa juu ya mchanga hupunguza hasara hiyo na kuwaepusha dagaa na uchafu, lakini mbao na nyavu zataka rasilimali, na rasilimali yataka dhamana. Nyumba na shamba, ambavyo ndivyo benki huvitambua, aghalabu vimeandikwa kwa jina la mume au la baba.

Hapo ndipo sanduku linapoingia. Namna hii ya kuweka hisa ilianza kwa wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa muawana wa shirika la CARE, ikaenea Afrika, nasi kwetu tukaizoea kwa jina la vikoba. Wanachama huwa baina ya kumi na watano na thelathini. Kila mmoja hununua hisa tangu moja hadi tano kwa juma, na kila hisa hupigwa muhuri katika kitabu chake mbele ya macho ya wote. Funguo tatu hukaa kwa wanawake watatu, sanduku lenyewe kwa wa nne, ili asiwepo mtu mmoja awezaye kulifungua peke yake. Aliye na hisa aweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Pembeni hukaa mfuko wa jamii, na kwangu mimi huu ndio moyo wa jambo zima: mchango mdogo usiodaiwa riba, utolewao kwa mwenye msiba, mgonjwa, au aliyenyeshewa dagaa wake. Kampuni ya bima haijamfikia mwanamke huyu. Wenzake wamekwisha kumfikia.

Thamani ya utaratibu huu huonekana wazi ukiulinganisha na ile mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, itolewayo kwa dakika chache na kudaiwa kila siku, hata mwenye kukopa akauza sufuria zake. Serikali nayo ilitia mkono: sheria ya mwaka 2018 iliviingiza vikundi hivi katika daraja la nne la huduma ndogo za fedha, na halmashauri zikaagizwa kutoa mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 ikiwa fungu la wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea mwaka 2024. Katika muda huo sanduku liliendelea kufunguliwa kila juma.

Mji wa Bunda, ulio katika barabara kuu ya Mwanza na Sirari na ambako njia ya Kisorya huchepuka kuelekea Ukerewe, una faida nyingine. Huko wauza dagaa huweza kuketi katika kikundi kimoja na mama lishe wa stendi, wauza mchele na wakulima wa pamba, na kwa kuwa mapato yao hayaji kwa msimu mmoja, fedha ya pamba humkopesha aliyekwamishwa na mbalamwezi. Mtaalamu wa fedha angeuita utaratibu huo ufundi wa kugawanya hatari, na haki ni kuuita hivyo hivyo, maana ni ufundi.

Miaka ya karibuni imewapima sana wanawake hawa. Mwaka 2020, pamoja na korona, ziwa lilipanda kufikia kimo kisichoonekana tangu 1964, na mwaka 2024 likapanda tena, maji yakameza sehemu za kuanikia. Upande wa Kenya, katika ufuo wa Nduru karibu na Kisumu, wanawake walikuwa wameanza mwaka 2011 kumiliki mitumbwi yao ili wasilazimishwe kuutoa mwili kwa mvuvi kabla ya kuuziwa samaki, dhuluma ijulikanayo huko kwa jina la jaboya. Mafuriko ya 2020 yakawang'oa kijijini. Natamani kila apangaye mipango ya uvuvi wetu akumbuke kisa hicho, kwani mtumbwi ni hatua kubwa, lakini mwanamke asiye na akiba hurudishwa ufuoni mikono mitupu kwa gharika moja.

Huko Butiama, neno "dhamana" lina uzito mwingine. Shirika la Hope for Girls and Women, lililoasisiwa na Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa na hakuficha, liliweka nyumba salama Mugumu, wilayani Serengeti, na Kiabakari, wilayani Butiama, kwa wasichana wanaokimbia ukeketaji, ambao wimbi lake huwa kubwa shule zinapofungwa mwezi Desemba. Msichana aliyekimbia huenda akakosa kwao pa kurudi, na cherehani anayofundishwa huwa ndiyo mtaji wake wa kwanza. Swali la kiuchumi ni nani atakayemdhamini atokapo na ufundi bila ukoo wa kusimama nyuma yake. Kikundi hudhamini wanaofahamiana. Yeye hafahamiki na mtu. Vikundi vyaweza kumfungulia mlango kwa hisa moja kwa juma, mwanachama mmoja akimsemea kwa miezi michache ya mwanzo, na halmashauri, inapotoa fungu lake la asilimia 4, yaweza kuvipa kipaumbele vikundi vilivyompokea.

Desemba huwa pia mwezi ambao vikundi vingi huvunja mzunguko na kugawana. Kitambaa hutandikwa, kufuli tatu hufunguliwa moja baada ya moja, noti zenye harufu ya dagaa huhesabiwa kwa sauti, na kila mwanamke huitwa kwa namba yake. Wengine hulipa ada kabla hawajafika nyumbani, wengine huagiza mbao za chanja. Na kabla ya kuagana huulizana giza litaingia lini, ili siku ya kununua hisa ya kwanza ya mwaka mpya ipangwe baada ya mitumbwi kurudi ziwani.