Nafuu ya ushuru kwa wanaookoa kawi: Nani hunufaika?

SERIKALI hutoza ushuru ili ipate fedha, lakini mara nyingine huusamehe makusudi ili raia atende jambo inalolitaka. Marekani iliitumia mbinu hiyo kwa takriban miaka 20 kuwashawishi wenye nyumba na majengo ya biashara wazuie kawi isipotee kupitia madirisha, milango na dari.

Awamu hiyo ilianza Agosti 8, 2005 Rais George W. Bush alipotia sahihi Sheria ya Sera ya Kawi. Mwenye nyumba aliruhusiwa kurejeshewa asilimia 10 ya bei ya vifaa kadha, kiwango cha juu kikiwa dola 500. Mwenye jengo la biashara lililopunguza matumizi ya kawi kwa nusu ya kiwango kilichowekwa aliruhusiwa kukata hadi dola 1.80 kwa kila futi mraba kutoka kwa mapato yake.

Hapa ndipo wengi hukanganyikiwa. Kukata gharama kutoka kwa mapato si sawa na kupunguziwa ushuru wenyewe. Anayetozwa asilimia 22 akikata dola 1,000 kutoka kwa mapato, huokoa dola 220 pekee. Akipunguziwa ushuru kwa dola 1,000, huokoa dola 1,000 kamili. Maneno yanakaribiana, mfuko hautofautishi maneno.

Mnamo 2022, chini ya Rais Joe Biden, kiwango cha nyumba kilipandishwa hadi asilimia 30, mpaka wa jumla ukiwa dola 1,200 kwa mwaka. Madirisha yalitengewa dola 600, na pampu za joto mpaka wao wa dola 2,000. Paneli za sola nazo zilipata asilimia 30 bila mpaka.

Hata hivyo, aliyekuwa na mapato madogo kiasi cha kutodaiwa ushuru hakupata hata senti, kwa kuwa nafuu hiyo haikulipwa taslimu. Mpangaji naye, ambaye mara nyingi ndiye anayelipa bili ya umeme, hakuwa na uwezo wa kubadilisha madirisha ya nyumba isiyo yake.

Sheria aliyoitia sahihi Rais Donald Trump Julai 4, 2025 iliikomesha nafuu ya nyumba Desemba 31 mwaka huo. Kwa majengo ya biashara, ujenzi ulipaswa uanze kabla ya Juni 30, 2026 kupita. Mkenya aishiye huko aliyelipia madirisha Desemba, fundi akayaweka Januari, hana chake. Kinachohesabiwa ni siku kazi ilipokamilika, wala si tarehe ya risiti.

Kenya ilifuata njia nyingine: kuondoa ushuru wa VAT kwa vifaa vya sola. Kwa njia hii hata mama wa kijijini asiyewasilisha taarifa ya mapato anaweza kunufaika dukani, mradi mwenye duka ashushe bei. Lakini nafuu hiyo pia haina mizizi. Iliondolewa na Sheria ya Fedha ya 2020, ikarejeshwa na ile ya 2021, na walionunua paneli katikati ya miezi hiyo walilipa ushuru ambao majirani zao hawakulipa.