Mnyapara Asiyelala: Kompyuta Zinazotunza Hesabu za Mishahara



Zamani siku zetu za kazi ziliandikwa katika daftari la karani, na daftari likafungiwa kabatini. Siku hizi, mahali pengi, mishahara, makato na akiba ya uzeeni huwekwa katika kompyuta kubwa ziitwazo seva. Kabati lina ufunguo, na seva nayo ina ufunguo. Lakini seva ina mlango mwingine nyuma, na waajiri wengi huusahau.

Mlango huo ni nini?

Seva nyingi hupangwa ndani ya sanduku moja la chuma liitwalo chesisi. Mfano ni Dell M1000e ya mwaka 2008, yenye nafasi ya seva 16 za nusu kimo. Ndani ya chesisi mna kompyuta ndogo ya usimamizi. Hiyo ndiyo mnyapara. Huangalia joto, feni na umeme, na huweza kuwasha au kuzima seva yoyote, fundi akiiamuru kutoka mbali. Seva ikizimwa, mnyapara yuko macho maadamu umeme upo. Kwa hiyo anayemshika mnyapara amewashika wote walio chini yake.

Hatari yake

Kwa miaka mingi mashine hizo za Dell zilitoka kiwandani na jina «root» na neno la siri «calvin». Maneno hayo yamechapishwa katika vitabu vya maelezo, kwa hiyo si siri tena. Tena upo utaratibu wa usimamizi uitwao IPMI, ambao toleo lake la pili lilitoka mwaka 2004. Hutumia mlango namba 623. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba baadhi ya mashine zilikubali neno la siri lolote, na serikali ya nchi hiyo ikatoa onyo. Mwaka 2018 wezi walipitia mlango huo, wakafunga kumbukumbu za watu kwa kufuli la siri, wakadai fedha. Juni 2023 serikali ya Marekani ilitoa tena mwongozo juu ya mashine hizi za usimamizi. Maana yake watu bado walikuwa hawajafunga.

Fundi afanye nini?

Kwanza, abadilishe neno la siri la kiwandani kabla ya kuunganisha waya. Kila fundi awe na jina lake. Akiacha kazi, jina lifutwe.

Pili, waya wa usimamizi uwe peke yake, mbali na waya wa ofisi na intaneti. Katika M1000e, tundu lenye alama Gb ni la mtandao wa usimamizi, na STK ni la kuunganisha chesisi ya jirani. Yasichanganywe.

Tatu, afunge milango isiyotumika. Mlango 23 wa Telnet na mlango 80 hupitisha maneno wazi, kila aliye njiani ayasome. Mlango 22 na 443 huyafunika kwanza. Hiyo ndiyo ya kutumia. Mlango 623 ufungwe kama hauna kazi.

Nne, aandike orodha ya kompyuta zinazoruhusiwa kubisha hodi. Anayekosea neno la siri mara kadhaa azuiwe kwa muda.

Tano, programu ya mnyapara isasishwe kila mtengenezaji anapotoa marekebisho.

Jambo letu sisi

Kazi hii haihitaji mashine mpya. Inahitaji fundi aliyefundishwa na kupewa muda wa kuifanya. Fundi huyo ni mfanyakazi kama sisi. Akiachwa peke yake usiku na seva nyingi, kisha wizi ukatokea, yeye ndiye atakayeshtakiwa kwa uzembe. Maombi yake ya vifaa na muda yaandikwe, na nakala ibaki kwake.

Wajumbe wa matawi, mkikutana na mwajiri muulizeni: Neno la siri la kiwandani limebadilishwa? Mashine ya usimamizi inafikiwa kutoka nje? Nakala ya hesabu zetu imewekwa mahali pengine? Hayo si maswali ya ufundi tu. Ni maswali ya mshahara. Hesabu zikipotea, mwenye shamba ana mawakili. Sisi tuna kadi na vitambulisho vyetu. Kila mmoja atunze hati zake za malipo, na matawi yadai majibu kwa maandishi.