Habari ya simu ikifika kwenye grupu: woga wa siku tatu, mzaha na kimya



Kila promosyo iko na mtu mmoja anayeulizwa mambo ya simu. Kwetu mtu huyo ni mimi. Saa nne za usiku mesaji inaingia: "Yaya, hii habari ni ya kweli? Eti kesho WhatsApp inafungwa?" Najibu, tunacheka kidogo, halafu kesho kutwa mwingine anauliza swali lile lile.

Kwa kujibu sana, nimeona kwamba habari za usalama wa mtandao tunazipokea kwa njia tatu. Ya kwanza ni woga: tunatuma kwa grupu kumi kabla hata ya kusoma mpaka mwisho. Ya pili ni mzaha: "Mimi niko na nini ya kuibiwa? Hata mega sina!" Ya tatu ni kimya: habari inapita kama upepo, hakuna anayejibu. Kimya hicho huwa kirefu zaidi kama habari inahusu wenzetu wasioona au wasiosikia. Naomba tuziangalie moja moja, juu nyuma ya kila moja kuna jambo la kweli ambalo linatupita.

Woga

Wengi wenu mnakumbuka Januari 2021. WhatsApp ilitoa tangazo kwenye skrini: kubali masharti mapya kabla ya tarehe 8 Februari, la sivyo hutaendelea kuitumia. Grupu zote zikawaka moto. Watu walisema Facebook sasa itasoma mesaji zetu zote na kusikiliza odio zetu. Duniani kote mamilioni ya watu walikimbilia Signal na Telegram, mpaka tarehe 15 Januari Signal ikaanguka kwa sababu ya wingi wa watu waliofika kwa mara moja. Halafu WhatsApp ikasogeza tarehe hadi 15 Mei. Tarehe ikafika, akonti hazikufutwa, na sisi wote tukarudi mahali petu pa zamani. Woga uliisha bila watu kuelewa walikuwa wanaogopa nini.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Tangu Aprili 2016, mesaji za WhatsApp zinafungwa kwenye simu ya anayetuma na kufunguliwa kwenye simu ya anayepokea tu. Ni kama barua iliyotiwa ndani ya sanduku la chuma: anayeibeba njiani hana ufunguo. Masharti ya 2021 hayakubadilisha hilo. Yaligusa zaidi mazungumzo na maduka na kampuni zinazotumia WhatsApp kwa biashara. Lakini anayebeba sanduku, hata kama haoni barua, anajua limetoka kwa nani, linakwenda kwa nani, saa ngapi na mara ngapi. Baadhi ya habari za akonti zetu WhatsApp ilianza kuzigawana na Facebook tangu 2016, zaidi ya miaka minne kabla ya ule woga wetu.

Tena kuna mlango mwingine. Simu nyingi hutunza nakala ya mazungumzo kwenye Google Drive, na nakala hiyo kwa kawaida haiko ndani ya lile sanduku la chuma. Tangu Oktoba 2021 WhatsApp inakuruhusu kuifunga nakala hiyo kwa neno la siri lako. Inabidi wewe mwenyewe uende kuwasha. Habari hiyo ilikuwa na faida kuliko ile ya Januari, lakini haikuleta woga, kwa hiyo haikutumwa kwa grupu yoyote niliyomo.

Mzaha

"Mimi sina kitu cha kuibiwa." Neno hili nalisikia kila wiki. Anayelisema anafikiri mwizi anatafuta pesa ndani ya simu yake. Mwizi anatafuta jina lake.

Angalia vile mambo yanavyokwenda. Unapata mesaji kutoka kwa mtu unayemjua: "Yaya, nilikosea namba, kode yangu imefika kwako. Unitumie haraka, tafadhali." Kweli, SMS yenye namba sita imeingia. Unaituma, juu ni mwenzako. Dakika mbili baadaye WhatsApp yako imekufa. Zile namba sita zilikuwa ufunguo wa akonti yako, na mwenzako naye alikuwa amekwisha kuibiwa kabla yako. Sasa mtu mwingine anaandika kwa jina lako kwa mama mdogo, kwa wenzako wa promosyo, kwa profesa anayesimamia kazi yako: "Niko hospitali, nisaidie dola 50 kwa namba hii, nitarudisha kesho." Wewe huna kitu, ni kweli. Lakini uko na watu wanaokuamini, na uaminifu huo ndio unaouzwa.

Kinga yake haiombi mega nyingi. Fungua "Paramètres", halafu "Compte", halafu "Vérification en deux étapes". Weka namba sita zako mwenyewe, ambazo si mwaka wako wa kuzaliwa. Kuanzia hapo, hata mtu akipata kode ya SMS, atakuta mlango wa pili. Tena angalia "Appareils connectés": kama kuna kompyuta usiyoijua, labda ile ya mahali ulipokwenda kupiga chapa kazi yako ya mwisho, itoe.

Na kama umekwisha kuibiwa? Usikae kulia. Weka tena namba yako ya simu kwenye WhatsApp, subiri SMS, andika kode. Hapo hapo mwizi anatupwa nje. Kama aliweka namba zake za siri, wewe utasubiri siku saba ili kuingia, lakini yeye amekwisha kutoka. Siku hizo tumia simu ya kawaida kuwaonya watu: "Mimi siombi pesa kwa mtu yeyote."

Kitu cha pili tunachofanyia mzaha ni programu za kupeana mkono kwa mkono. Mega ni bei, kwa hiyo mmoja anapakua, wengine tunapokea kwa Bluetooth au kwa Xender. Hivyo ndivyo GB WhatsApp ilivyoingia kwenye simu nyingi hapa kwetu. Inapendeza, ina rangi, inaficha kwamba umesoma mesaji. Lakini si kazi ya WhatsApp. Mtu mwingine ameifungua, ameibadilisha na kuifunga tena, na hakuna anayeweza kukuhakikishia ameongeza nini ndani. Lile sanduku la chuma, sasa hujui nani aliye na ufunguo wa pili.

Kimya

Sasa nafika mahali ambapo grupu zetu hunyamaza.

Tuko na mwenzetu mmoja ambaye haoni. Alimaliza masomo pamoja na sisi, na simu anaitumia kwa haraka kuliko wengi wetu. Siri yake ni programu inayoitwa TalkBack: inasoma kwa sauti kila kitu kilichoko kwenye skrini, na yeye anapapasa kwa kidole mpaka asikie anachotafuta. TalkBack imo ndani ya Android tangu 2009, na mwaka huo huo Apple ikaweka VoiceOver ndani ya iPhone. Kwa kompyuta ya Windows kuna NVDA, ambayo ni ya bure kabisa. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia ambaye mwenyewe haoni, juu programu za namna hiyo zilikuwa zinauzwa kwa bei ambayo wasioona wengi hawakuiweza. Sauti iliyomo ndani yake, eSpeak, inasoma hata Kiswahili. Inasoma kama mashine, lakini inasoma.

Kwa hiyo chombo kipo. Kinachomkwamisha ni sisi. Tangazo la kubadilisha tarehe ya mtihani linabandikwa ukutani, mmoja anapiga picha, anaituma kwa grupu. Sisi tunasoma. Yeye anasikia neno moja tu: "Picha." Silabi imeskaniwa yote kama picha, naye anakuta kurasa tupu. Na mwenzetu asiyesikia, yeye tunamletea odio za dakika nne.

Mtaniuliza: hayo yanahusu usalama kwa njia gani? Yanahusu kabisa. Chukua pesa ya simu. Ile menyu ya namba na nyota inakwenda haraka. Ukichelewa, inajifunga, unaanza upya. Mtu anayesikiliza skrini yake neno kwa neno anachelewa kuliko anayeona. Baada ya mara tatu amechoka, anampa mtu wa kabini simu yake pamoja na namba zake za siri: "Nifanyie wewe." Au anamwita jirani amsomee mesaji ya daktari. Mtu ambaye hawezi kusoma skrini yake mwenyewe hana siri. Si kwamba hajui mambo ya usalama. Anajua kuliko sisi. Ila njia ya kulinda siri yake ilitengenezwa kwa mtu mwenye macho.

Kuna jambo jingine ambalo linaunganisha mzaha wetu na shida yake. Ili TalkBack ifanye kazi, Android inaipa ruhusa kubwa sana: kuona kila kilichoko kwenye skrini na kubonyeza mahali pa mwenye simu. Ruhusa hiyo inaitwa "Accessibilité". Wezi wameiona. Mwaka 2019 ilijulikana programu mbaya iliyoitwa Cerberus, ambayo wahalifu walikuwa wanaikodisha kwa wahalifu wengine. Inavaa sura ya programu ya kawaida, inakuomba uiwashie "Accessibilité", halafu inasoma neno lako la siri na kujibonyezea ruhusa nyingine. Ufunguo uliotengenezwa kwa ajili ya asiyeona umegeuzwa kuwa ufunguo wa mwizi.

Google ikajibu. Kuanzia Android 13, mwaka 2022, programu iliyoingia nje ya duka lake, kwa mfano ile ya kupewa kwa mkono, haipati ruhusa hiyo kwa urahisi. Kwa wengi wetu ni kinga nzuri. Lakini fikiri mwenzetu asiyeona ambaye, kwa kukosa mega, alipewa kwa Xender programu nyingine ya kumsomea skrini. Anajaribu kuiwasha, simu inakataa, na maelezo ya kukataa yameandikwa kwa herufi ambazo hazioni. Mlango umefungwa kwa sababu ya wezi, na aliyebaki nje ni yeye. Ndiyo maana nasema habari za usalama na habari za teknolojia kwa watu wote ni habari moja.

Tufanye nini

Sheria hazikosekani. Katiba yetu, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake. Nchi iko na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, tena iko na kodi ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Nyie wanafunzi wa sheria mnaweza kutueleza vizuri zaidi zinavyotumika. Lakini kuna mambo ambayo hayangoji hakimu wala waziri.

Habari ya kutisha ikifika, uliza maswali matatu kabla ya kutuma: nani amesema, tarehe gani, na inaniomba nifanye nini. Kama inaniomba tu kutuma kwa watu kumi, iishie kwangu.

Kode ya SMS haipewi mtu. Hata kaka, hata mchumba, hata anayesema anatoka kwa kampuni ya simu. Ukimpenda sana mtu, mpigie umsikie sauti.

Programu yoyote ikiomba "Accessibilité", jiulize: inanisomea skrini, au inanisaidia kwa ulemavu wowote? Kama ni programu ya muziki, ya taa au ya mkopo, ikatalie na uitoe.

Ukituma picha ya tangazo, andika chini yake mistari mitatu: nini, lini, wapi. Maandishi hula mega kidogo kuliko picha, kwa hiyo hata mwenye simu ndogo atakushukuru. Ukituma odio ndefu, andika kwa kifupi ulichosema. Silabi, tuombe ile iliyoandikwa kwa kompyuta, isiwe picha ya karatasi.

Na mwenzetu asiyeona, tusimwombe namba zake za siri ili "kumsaidia". Tukae naye dakika kumi mahali pasipo kelele, avae ekuta zake masikioni, tumfundishe menyu mpaka aijue kwa kichwa: moja ni kutuma, mbili ni kutoa. Tena TalkBack iko na njia ya kuficha skrini, ikabaki nyeusi wakati yeye anaendelea kusikia. Tumwonyeshe ili anayesimama nyuma yake asisome. Siku akituma pesa yake yeye mwenyewe bila mtu kujua ni kiasi gani, hapo ndipo tutakuwa tumefanya kazi ya usalama wa mtandao.

Mimi nitaendelea kujibu simu za saa nne za usiku, sikatai. Lakini mtu atakayeniuliza kama WhatsApp inafungwa kesho, kuanzia leo nitamjibu kwa swali: ile tarehe ya mtihani uliyotuma jana kwa picha, uliiandika pia kwa maneno?