Unene wa Mtoto na Afya ya Damu Yake

Katika mji wa mpakani kama Tunduma, mtoto mnene bado husifiwa kuwa amenawiri. Hatuibezi sifa hiyo: imetoka katika miaka ambayo utapiamlo uliohofiwa ulikuwa ule wa kukonda na kudumaa, na udumavu haujatoweka. Hata hivyo, unene uliokithiri nao ni utapiamlo, na mzazi wa Chapwa anayemnunulia mwanawe soda na biskuti karibu kila siku anastahili kujua unayoyafanya mwilini.

Mafuta yanayorundikana tumboni si akiba iliyolala. Hutoa kemikali zinazoufanya mwili usiitikie vyema insulini, homoni inayoingiza sukari katika seli. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, mafuta katika damu huongezeka, na shinikizo la damu huweza kupanda. Dalili moja huonekana kwa macho: ngozi ya shingo au makwapa huwa nyeusi na nene. Wengi hudhani ni uchafu, wakamsugua mtoto kwa dodoki hadi akalia. Haitoki, kwa sababu mara nyingi chanzo chake ni hiyo insulini iliyozidi.

Jambo lisilozungumzwa sana ni kuganda kwa damu. Mtu akijikata, damu huganda ili isiendelee kutoka, kisha mwili huliyeyusha bonge lile polepole. Kwa mtoto mwenye unene uliokithiri, mizani hii huelemea upande mmoja: fibrinojeni, protini inayofuma nyuzi za bonge, huwa nyingi, na wakati huohuo huongezeka protini nyingine, PAI-1, inayozuia bonge lisiyeyuke. Hatusemi kwamba mtoto huyo atapata kiharusi kesho. Mabonge ya damu kwa watoto ni nadra. Tunasema kwamba mishipa yake huanza kuchakaa mapema, na madhara yake huja kuonekana ukubwani.

Mengi ya haya hurekebishika. Watafiti waliofuatilia watoto waliopunguza unene kwa chakula bora na mazoezi wameona insulini, mafuta ya damu na PAI-1 vikishuka, na katika baadhi ya tafiti fibrinojeni pia. Unene ukirudi, nafuu hiyo nayo huelekea kupotea.

Tena, mtoto anayekua mara nyingi hahitaji kupoteza hata kilo moja. Tumchukue mtoto wa miaka 10 mwenye urefu wa sentimita 140 na uzito wa kilo 50. Uwiano wa uzito na urefu wake ni takriban 25.5. Akibaki na kilo 50 hadi afikie sentimita 147, uwiano huo hushuka hadi 23.1. Vipimo hivi husomwa katika majedwali ya umri na jinsi ya mtoto, si kwa kigezo cha watu wazima. Kwa hiyo mpelekeni akapimwe zahanati au kituo cha afya kabla ya kuamua lolote. Msimnyime chakula. Ugali, maharage, mboga na matunda havina kosa. Kinachofaa kuanza kuondoka ni soda: chupa ya mililita 350 huwa na sukari ya takriban vijiko tisa vya chai. Michezo ya kutoa jasho ifikie walau dakika 60 kwa siku, na kutembea kwenda shule kumo katika hesabu hiyo.

Tunawaonya hasa juu ya vidonge na chai za kupunguza mwili zinazouzwa mkononi. Baadhi ya bidhaa za namna hiyo, zilizoitwa za mitishamba, zimewahi kukutwa duniani na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kwamba iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu wenye maradhi ya moyo. Mzazi anayempa mwanawe bidhaa hiyo aweza kuihatarisha mishipa ileile anayotaka kuiokoa. Dawa zinazouzwa nchini hutakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Muuzaji asiyeweza kuonyesha usajili, msinunue kwake. Na mtoto akivimba mguu mmoja wenye maumivu, au akipumua kwa shida ghafla, awahishwe hospitali siku hiyohiyo.